Mbwa, Mwambie Jirani

Mbwa wa Leocadia aliitwa Mbunge, kwa sababu alilala mchana kutwa na kuamka pale tu aliponusa nyama. Lakini kazi yake hasa ilikuwa ukalimani. Kila asubuhi Leocadia alipotoka kuwasha moto wa uani, alimtazama mbwa wake, akapaza sauti ivuke ukuta wa mawe, akasema kwa Kikapuu kilichonyooka, lugha yetu sisi Wakikapuu:

"Mbunge, hebu muulize jirani kama moshi wake unakuja kwangu leo tena, au jana ulishiba."

Na ng'ambo ya ukuta sauti ya Eduviges, nyembamba na kali kama pilipili za porini, ilijibu bila kumtaja mtu:

"Jamani, kuna mbwa hapa kijijini ana adabu kuliko anayemlisha! Mbwa, mwambie mama yako moshi haupotei njia. Unafuata palipo na takataka."

Mbunge alifungua jicho moja, akalifunga. Nicanor, mume wa Leocadia, aliinamia kikombe chake cha kahawa kama mtu anayechungulia kisima. Na watoto waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wakining'iniza miguu walichekea mikononi, wakayarudia maneno yale kimyakimya, kama wanafunzi wanaokariri somo.

Wanawake wale wawili hawakuwa wamesemeshana ana kwa ana tangu kisa cha mafundo.

Hapa Nacimiento, kijijini kwetu kaskazini mwa Meksiko, nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume huzaliwa ndani ya moja, huoa ndani ya nyingine, na akizidisha ujinga hutolewa katika zote mbili. Ni wanawake wanaokata matete mtoni, wanaosuka mikeka, wanaokunja fito kila mwaka ziwe mgongo wa nyumba ya majira ya baridi na kuivika mikeka ile mpaka isimame kama mnyama mkubwa aliyelala, mlango ukitazama mashariki. Hata aliye na nyumba ya matofali, kama Leocadia, ana nyumba ya mikeka ubavuni mwake, maana ile ya matofali ni ya friji na televisheni, na hii ni ya moto.

Sasa mwaka mmoja Leocadia alichelewa kurudi. Alikuwa Eagle Pass, Marekani, ng'ambo ya mpaka, akisafisha sakafu kwenye jumba la michezo ya bahati la watu wetu, na baridi ikatangulia kufika kabla yake. Eduviges, aliyekuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa mdogo wake Leocadia, akamwonea jirani huruma. Akaita wanawake, wakamjengea nyumba yake ya mikeka yote kwa siku moja. Leocadia akashuka kwenye basi, akakuta nyumba imesimama, kahawa iko motoni, wanawake wamekaa wanasubiri shukrani.

Akatazama mafundo ya kamba za mikeka. Yalikuwa yamefungwa kushotoni. Mama yake Eduviges alifunga kushotoni, na bibi yake kabla ya hapo. Mama yake Leocadia alifunga kulia. Leocadia akaweka mizigo chini, akapanda kwenye kigoda, na mbele ya wanawake wote, vikombe vyao vikiwa vimesimama njiani kuelekea midomoni, akafungua fundo moja baada ya jingine na kulifunga upya. Hakusema neno. Afadhali angesema. Tusi la mdomo lina dawa, hujibiwa; lakini tusi la vidole utalijibu na nini?

Kuanzia siku hiyo mbwa akapata ajira.

Leocadia hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kuweka mambo sawa kwa sababu maisha yalimwekea mengi upogo. Alizaliwa kwenye mikeka, karibu na mto Sabinas, akapewa jina la Kikapuu ambalo halitajwi mbele ya wageni; Leocadia ni jina la makaratasi tu. Utoto wake ulipita nyuma ya malori, kwenda kaskazini kuchuma cheri, kupalilia viazi sukari, kung'oa vitunguu, na kurudi. Kuna miaka familia yake iliishi chini ya daraja la mpakani, katika vibanda vya maboksi na matete, nchi mbili zikipita juu ya vichwa vyao kwa magurudumu. Hata pale mama yake aliuelekeza mlango wa boksi mashariki. Siku hizi watu wanaokuja mezani kwetu kuacha mishahara yao kwenye michezo ya bahati ni watoto wa waliopita juu ya daraja lile bila kutazama chini. Leocadia aliwapangusia viti kwa heshima zote. Alisema ndiyo kisasi pekee kinacholipiwa bima ya afya.

Nicanor alimposa kwa mluzi. Zamani vijana walikuwa na desturi hiyo: jua likizama, mvulana anafumba viganja viwili, anapuliza, na maneno yanatoka bila maneno, yakipanda na kushuka kama yasemwavyo. Njoo. Uko wapi. Nakuwaza. Kijiji kizima kilisikia na kila mtu alijifanya hakusikia. Kile kilima cha waliopiga miluzi bado kina vijana jioni, ila sasa wanakwenda huko kwa sababu ndipo simu zinaposhika mtandao, nao huandikiana kwa Kihispania, wakiwa wamekaa hatua chache mmoja na mwenzake.

Kisha mdogo wake Leocadia akafa.

Jina lake nalo halitatajwa. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kipana, aliyevuka ule ukuta wa mawe kila siku, mara kwa dada yake, mara kwa rafiki yake, akala kwenye nyumba zote mbili na kukataa kubeba ujumbe. "Mna mbwa," aliwaambia.

Mtu akifa kwetu, nafasi yake haiachwi wazi. Ndugu zake hutafuta mtu wa jinsia yake na umri wake, wakamshonea nguo mpya, wakamlisha, wakamfanya ndugu. Yule aliyekufa ndipo anapofunguliwa njia ya kwenda magharibi. Wakichelewa, anabaki anazungukazunguka nyumbani kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Miaka minne ndiyo mwisho. Na mwaka wa nne ulikuwa umeshaanza kuzeeka.

"Mama mkubwa," Yadira, binti wa marehemu, alimwambia Leocadia, "jana nimemwota mama. Amesimama mlangoni na shali yake begani. Hasemi kitu."

"Nami nimemwota," alisema Leocadia. "Kwangu alisema. Aliuliza tunangoja nini."

Yadira alikuwa amesomea ualimu, na kabila lilimwajiri awafundishe watoto Kikapuu. Alikuja na picha za wanyama na kadi za rangi. Alikuja pia na kinasa sauti, akakiweka mbele ya mama yake mkubwa amwage hazina. Taa nyekundu ilipowaka tu, Leocadia alinyoosha sketi yake, akakunja mikono, na kusema, kwa sauti ya mtu aliyeitwa polisi, kwamba maji ni maji na mbwa ni mbwa.

"Wanajua rangi zote, mama mkubwa," Yadira alilalamika. "Wanahesabu, wanaimba. Lakini juzi mmoja aliumwa na nyigu, akalia kwa Kihispania."

"Utamfundishaje mtu kulia?"

"Kwenye ukuta wenu wanajifunza. Kuna binti alimwambia mwenzake jana kwamba ana uso kama mkeka ulionyeshewa. Mimi sijamfundisha hilo."

"Hilo ni la Eduviges," alisema Leocadia kwa uchungu. "Mimi nilisema mkeka ulioliwa na panya. Ni bora zaidi."

Kijiji kizima kilijua ni nani anayefaa kuketi kwenye nafasi ya marehemu. Umri ule ule, rafiki yake tangu enzi za malori, mkono ule ule wa kusuka. Hakuna aliyemwambia Leocadia, kwa kuwa hakuna aliyependa kuwa mbwa. Nicanor alijaribu mara moja, akiwa anachonga mpini.

"Kuna mtu karibu," alisema.

"Karibu wapi?"

Nicanor alitazama ukuta, akatazama kisu, akaona heri kisu. "Karibu... kwa ujumla," alisema.

Kwa hiyo Leocadia alitafuta mbali. Mwisho wa kiangazi ndugu wa kabila letu kutoka Oklahoma, Marekani, walikuja kutembea, na miongoni mwao alikuwemo Verna, mwanamke mpole mwenye nywele fupi na umri uliofaa. Verna alikielewa Kikapuu chote, ila alijibu kwa Kiingereza. Mama yake alichapwa shuleni kwa kukisema, akaapa wanawe wasichapwe. Kiapo kilitimia. Verna hakuchapwa kamwe.

Leocadia akamwalika chakula. Aliandaa maharagwe, maboga, mikate ya mahindi na nyama ya kulungu, na kwa makusudi hakutia chumvi hata chembe. Marehemu mdogo wake, tangu walipokuwa wasichana, hakuwahi kupokea sahani kutoka kwake bila kusema, "Chumvi imeisha, au mkono umeingia uchoyo?" Hata chakula kikiwa chumvi tupu alisema hivyo hivyo. Ndiyo ilikuwa sala yake ya chakula.

Verna alikula polepole. Akamaliza. Akafuta mdomo, akatabasamu kwa moyo wote, na kwa Kikapuu, kwa juhudi ambayo jasho lake lilionekana, akasema, "Chakula kitamu. Asante sana."

Leocadia alimshika mkono, akamshukuru, akamfungia mikate ya safari. Mgeni alipoondoka alikaa kitako mbele ya sufuria.

"Vipi?" aliuliza Nicanor.

"Mtu mwema sana."

"Basi vizuri."

"Ndiyo maana haiwezekani. Nikimweka yule mahali pa mdogo wangu, nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii kwa adabu."

Ng'ambo ya ukuta, Eduviges alikuwa akitwanga mahindi. Alitwanga kwa nguvu kuliko mahindi yalivyohitaji. Alikuwa ameona gari la wageni, na alijua kilichotafutwa. Siku ile hakumtuma mbwa neno lolote, na ukimya ule ulimwumiza Leocadia kuliko tusi.

Baridi ikakaribia. Wanawake wakaanza kutoa mikeka ya majira ya baridi. Asubuhi moja Leocadia alijifunga shali, akamwita Mbunge, akaenda naye mpaka kwenye ukuta. Kwa mara ya kwanza hakupaza sauti.

"Mbunge," alisema, "mwambie jirani kwamba kuna jambo. Mwambie ni la yule aliyetutoka. Mwambie nguo hazijashonwa, kwa kuwa hatujajua vipimo."

Kinu kilinyamaza. Eduviges alikuja ukutani, mikono myeupe kwa unga hadi viwikoni. Hakumtazama Leocadia. Alimtazama mbwa, na macho yake yalikuwa na maji.

"Mbwa," alisema, "mwambie mama yako, mambo ya yule hayapiti kwenye mdomo wa mbwa."

Akarudi kwenye kinu chake.

Watoto waliokuwa ukutani waliteremka mmoja mmoja wakaenda zao. Leocadia alibaki amesimama. Shingo yake haikuwa na desturi ya kuinama. Ilikuwa imebeba ndoo, vitunguu, watoto na mizigo ya mipakani, na haya yote hubebwa kwa kichwa kilichonyooka. Alirudi nyumbani. Akatoa mikeka yake. Akasimamisha fito na wanawake waliokuja kumsaidia, wakaivika mikeka. Ulipofika wakati wa kufunga, wanawake walishika kamba, na Leocadia akasema, "Acheni."

"Tuache? Upepo ukija je?"

"Nimesema acheni."

Akatoka, akauzunguka ukuta mzima mpaka kwenye mlango wa Eduviges, mlango ambao miguu yake ilikuwa imeusahau. Mbunge alimfuata kwa mazoea. Akamfukuza kwa kokoto.

Eduviges alikuwa anasafisha mahindi. Aliinua uso. Wakatazamana kama watu wanaosoma maandishi yaliyofifia.

"Paa langu halijafungwa," alisema Leocadia. "Njoo ulifunge."

Eduviges aliendelea kuchambua punje kwa muda. "Nafunga kushotoni mimi," alisema.

"Najua unavyofunga."

"Sijabadilika."

"Nani amekuuliza kama umebadilika? Nimesema njoo."

Alikuja. Kijiji kizima kilipata shughuli za ghafla karibu na ua wa Leocadia: huyu alikuwa anatafuta kuku, yule alikuwa anaazima sindano. Eduviges alipanda kwenye kigoda kilekile, akafunga fundo la kwanza kushotoni, akalikaza, akalipigapiga kama kichwa cha mtoto. Akafunga la pili. Alifunga polepole kupita kiasi, kwa ufundi wa mtu mwenye hadhira. Leocadia alisimama chini akimpa kamba, vidole vyake vikicheza pembeni ya sketi kama samaki waliotolewa majini. Fundo moja lilikuwa limelegea waziwazi. Wote waliliona. Leocadia aliuma shavu lake kwa ndani, akatoa kamba nyingine.

"Nilidhani mtaniacha mpaka mwaka uishe," alisema Eduviges kwa sauti ya chini, akiwa anaongea na fundo. "Nilikuwa nikilala nasikia anatembea kwenu na kwangu, kwenu na kwangu. Kama zamani."

"Hakutaka kubeba ujumbe," alisema Leocadia.

"Hata sasa hataki."

Alipomaliza alishuka, akakung'uta mikono. Akalitazama lile fundo lililolegea, kisha akamtazama Leocadia, akangoja. Leocadia alilitazama fundo. Akalitazama tena. Akageukia wanawake na kusema kahawa iko tayari.

Ndipo Eduviges alipotamka, kwa sauti ya kusikiwa na watafuta kuku wote, "Mabegani mpime kwa nafasi. Na rangi iwe nyekundu. Msinishonee ile rangi ya uji inayopendwa na ukoo wenu."

Leocadia na Yadira walishona, na baridi ilikuwa haijakomaa walipomaliza: sketi nyekundu, blauzi yenye tepe, shali, viatu vya ngozi ya kulungu. Yaliyotendeka ndani ya nyumba ile siku ya kumvika Eduviges hayasimuliwi nje, na msomaji aridhike na harufu ya nyama kama alivyoridhika Mbunge. Kinachosimulika ni chakula cha baadaye, kilichoonwa na kila mtu. Yadira alichukua sahani ya kwanza aliyopakua Leocadia kwa mkono wake mwenyewe, iliyotiwa chumvi sawasawa, akampelekea Eduviges kwa mikono miwili. Neno lililofuata alikuwa amewafundisha watoto wa shule kwa kadi yenye picha, miaka yote hii, na yeye mwenyewe hakuwa na wa kumwambia.

"Mama, karibu chakula," alisema.

Eduviges alipokea. Akaonja. Akatafuna kwa makini, akatazama juu kwenye tundu la moshi, kisha akamtazama Leocadia.

"Chumvi imeisha," alisema, "au mkono umeingia uchoyo?"

Upawa ulimtoka Leocadia mkononi. Alitoka nje, akasimama nyuma ya nyumba, upande wa machweo, mpaka shali yake ikapoa kwa upepo. Hakuona kitu, wala hakutazamia kuona. Ila kwa mara ya kwanza katika miaka ile, ua ulikuwa na utupu mzuri, kama kiti alichokiacha mgeni aliyeshiba.

Kisha ukaja ukimya. Dada hamtukani dada. Kwetu hilo halina mjadala. Asubuhi Leocadia alitoka, akavuta pumzi, akamtazama mbwa, akakumbuka, akaitoa pumzi bure. Ng'ambo ya ukuta Eduviges alisema, "Umeamkaje, dada?" na Leocadia akajibu, "Salama, mdogo wangu," na wote wawili walionekana kama watu waliovaa viatu vya kubana. Nicanor alitoa kiti chake nje, akanyoosha miguu. "Sasa nitakunywa kahawa kwa amani," alimwambia Mbunge. Watoto walikuja ukutani, wakangoja, wakapiga miayo, wakatoa simu.

Yadira alikuja ana wasiwasi. "Mama mkubwa, watoto wanasema shule imefungwa."

"Ninyi ndio mliotaka undugu," alisema Leocadia. "Undugu ndio huu."

Lakini katika hesabu za undugu kuna tawi moja lililosahauliwa na kila mtu, isipokuwa Eduviges, aliyekuwa amelitafakari muda mrefu akiwa anatwanga. Dada huheshimiwa, sawa. Mume wa dada ni shemeji. Na shemeji, kwa Wakikapuu, hutaniwa mpaka akose pa kuuficha uso, na asiyemtania huonekana anamchukia.

Asubuhi iliyofuata alivuka ukuta, amevaa sketi yake nyekundu, akakaa bila kukaribishwa, akajimiminia kahawa, akaonja.

"Shemeji Nicanor," alisema kwa utamu, "kahawa hii imepikwa, au mtu amenawia miguu?"

Nicanor, ambaye hakuwahi kupika kahawa maishani mwake, aliduwaa. Juu ya ukuta mtoto mmoja aliishusha simu.

Leocadia alikuwa ameinamia moto. Mabega yake yalianza kutikisika. Alijinyoosha, akafuta macho kwa ncha ya shali, akasema kwa sauti iliyovuka uwanja mzima na kufika kilimani:

"Nicanor! Mwambie mdogo wangu anayeona miguu kwenye kahawa, kwamba kila mtu huona alichozoea kunywa kwake!"

"Shemeji, mwambie dada yangu namheshimu sana. Ndiyo maana sijataja ladha ya soksi!"

Watoto walishangilia. Nicanor alitazama kushoto, akatazama kulia, kisha akavuta kiti chake taratibu mpaka pale alipolala Mbunge. Mbwa alifungua jicho moja, akamtazama kwa muda kwa huruma ya mstaafu anayemwona mwajiriwa mpya, akasogea kidogo kumpa nafasi, akalifunga.